Yaendako Maji ya Sabuni

Februari 17

Daftari hili nilipewa ofisini siku ya kuagwa, pamoja na saa ya ukutani isiyotembea. Nilikuwa opereta wa simu kwa miaka kumi na tisa, mpaka kila mtu akawa na simu yake mfukoni na ubao wangu ukanyamaza. Tangu Oktoba nafanya kazi na shemeji, mdogo wake mume wangu. Tunaosha magari, ila hatuna kituo, tunayafuata huko huko yalipo. Nyuma ya pikapu kuna tangi la maji, pampu yenye makelele, mpira, ndoo na madumu ya sabuni. Shemeji anaosha bodi na magurudumu, mimi vioo na ndani.

Leo tulikuwa kwenye maegesho ya lile jengo la ghorofa sita. Mama mmoja mwenye viatu vya heshima aliruka povu letu, akatua upande wa pili, akauliza, "Hivi maji yote haya huwa yanaishia wapi?" Hakungoja jibu, akaingia zake kwenye lifti. Swali akaniachia mimi.

Nikamuuliza shemeji.

"Yanaingia mtaroni."

"Na mtaro unakwenda wapi?"

"Shemeji, mtaro ni mtaro. Maji yanakwenda zake."

Miaka kumi na tisa sikuwahi kumuunganisha mtu bila kujua nampeleka kwa nani. Huu ni mwezi wa tano nafungulia maji, wala sijui yanapokelewa na nani.

Februari 18

Magari manane. Jua la kupasua kichwa.

Februari 21

Shemeji alipoipumzisha pampu, nililifuata povu kwa miguu. Linatoka kwenye maegesho, linaingia kwenye mdomo wa mtaro wenye wavu wa chuma, linatembea kando ya ukuta wa benki, linapita nyuma ya duka la kinyozi, kisha mtaro unazama chini ya barabara kuu na mimi nikaishia hapo. Kinyozi akatoa kichwa dirishani, akauliza kama nimeangusha ufunguo. Nikasema ndiyo, maana ukweli ungekuwa mrefu. Akatoka na fimbo kunisaidia. Tumetafuta dakika kumi ufunguo uliokuwa mfukoni mwangu.

Februari 22

Mume wangu ameucheka ufunguo mpaka chai ikampalia. Kuhusu mtaro amesema, "Si yataingia mtoni mwishowe." Sawa. Na kabla ya huo mwisho?

Februari 25

Asubuhi nilikula machungwa manne, si kwa njaa. Maganda nikayakata vipande vikubwa, nikayatumbukiza mtaroni shemeji alipoanza kusuuza gari la kwanza, nikavuka barabara haraka. Upande wa pili ardhi inateremka na mtaro hauonekani. Niliuliza watu wawili maji ya mvua hutokea wapi. Wa pili, fundi cherehani, alinielekeza kwa kidole bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa. Mwisho wa kichochoro kuna bomba la zege ambalo mbuzi angeweza kupita ndani yake, na chini yake kijito.

Nikakaa juu ya jiwe. Baada ya kama dakika ishirini likatoka ganda la kwanza, limepanda juu ya povu letu. Nilifurahi peke yangu. Kisha furaha ikanikauka, kwa sababu hatua chache chini ya bomba alikuwepo mwanamke ameinama na ndoo, anachota.

"Umepotea?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Naangalia maji."

"Yaangalie vizuri basi, maana yananimaliza."

Anauza miche. Kitalu chake kiko hapo hapo kando ya kijito: miti ya matunda, maua, miche ya mboga, yote kwenye vifuko vyeusi vilivyopangwa mistari. Watu wanamwita Mama Miche. Alinionyesha majani yaliyoungua kingo kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Yanaanza hivyo, alisema, halafu mche unainama, halafu basi.

"Ni yule," akasema, na kidevu chake kikaelekea ng'ambo, kwenye gereji iliyo juu kidogo ya kijito. "Anamwaga mafuta yake huku. Kaka yangu wa tumbo moja. Tangu mwaka uanze sijamsalimu."

Nilitazama ng'ambo. Mwanamume mnene alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo ilionekana. Ganda jingine la chungwa likapita mbele yetu. Mama Miche akaliona, akalitoa na kulitupa kando. "Watu hawana adabu," akasema.

Sikumwambia kitu.

Machi 1

Nimempata mtu wa mitaro. Ni mfanyakazi wa manispaa, alikuwa anafungua chemba karibu na jengo letu. Nilimpa soda, akanipa darasa. Chini ya miguu yetu, anasema, kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya maji taka: inatoka vyooni na jikoni, inakwenda kwenye mabwawa, huko yanasafishwa. Ya pili ni ya mvua, ile yenye wavu kando ya barabara.

"Na ya mvua inasafishwa wapi?"

"Haisafishwi. Ilijengwa kwa ajili ya mvua, na mvua haina sabuni. Ukimwaga kitu pale, ni sawa na kukibeba kwa ndoo ukakimwage kijitoni kwa mkono wako."

Miaka yote hii nilidhani matundu yote yanakwenda kwa mtu mmoja.

Machi 3

Nimenunua miche minne kwa Mama Miche, yote ya aina moja, urefu mmoja. Nimeiweka dirishani. Wa kwanza ananyweshwa maji safi. Wa pili, maji yenye shampuu ya magari. Wa tatu, maji yenye dawa ya rimu kidogo, ile kali ambayo shemeji hupulizia magurudumu yang'ae. Wa nne anapata maji niliyoyazoa kwa dodoki chini ya gari lililokwisha kuoshwa. Mume wangu ameipa majina ya wodi.

Machi 5

Wodi ya tatu ina hali mbaya.

Machi 8

Wa tatu amekufa. Hilo nililitarajia. Wa pili amenyong'onyea, ingawa dumu la shampuu lina picha ya jani la kijani. Lakini aliyenishangaza ni wa nne. Maji yale niliyazoa kwenye gari ambalo halikupuliziwa dawa hata tone, na bado majani yameungua kingo, kama yale ya kitaluni. Nikayaacha mengine yatulie kwenye glasi. Chini pamekaa tope jeusi, laini kama wanja, na juu utando wa mafuta wenye rangi rangi. Kumbe gari lenyewe limebeba mengi: vumbi la breki, grisi, masizi. Sisi tunayavua yote na kuyapeleka kwa Mama Miche.

Shemeji alipita kuchukua ndoo. Alisimama mbele ya dirisha muda mrefu kuliko ndoo ilivyohitaji.

Machi 9

Nimemwambia. Tulikuwa ndani ya pikapu, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Nilimweleza bomba, kijito, Mama Miche, kaka yake anayesingiziwa.

"Una uhakika ni sisi peke yetu?"

"Sina. Nina uhakika sisi tumo."

"Ukimwambia meneja wa jengo habari hizi, kesho hatuna pa kufanyia kazi. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Mvua iko njiani. Ikinyesha itasafisha kijito chote. Tuache kwanza, shemeji."

Akawasha gari. Nilimtazama pembeni nikaona mtu asiyependa kujua. Naandika hivi ili nikumbuke kwamba ndivyo nilivyomwona.

Machi 14

Magari sita. Shemeji anasugua rimu kwa brashi na mikono yake. Nikauliza dawa iko wapi. "Imekwisha." Hasemi mengi siku hizi. Nadhani amenikasirikia.

Machi 17

Nilikwenda kitaluni. Mama Miche amepata kazi kubwa ya shule moja: miche mia tatu ya miti ya kivuli, ya kupandwa mvua ikikolea. Ameipanga peke yake upande wa juu na anaimwagilia asubuhi na jioni. Alinifundisha kupima unyevu kwa kidole. Nilikuwa nimekwenda kumwambia. Nilirudi nimejua kupima unyevu.

Machi 20

Mawingu mazito, hewa haipiti. Shemeji amenishusha nyumbani mapema. Anasema ana shughuli kidogo mjini.

Machi 21

Mvua ya kwanza. Imenyesha tangu alfajiri mpaka saa nne, kisha ikakata. Hatukufanya kazi. Nimekaa dirishani nikisikiliza mabati na kufikiria kijito kinavyosafishwa.

Machi 22

Hakikusafishwa.

Nilifika pale saa tatu asubuhi, nikitegemea kuona maji mengi na mazuri. Povu lilikuwa limejaa chini ya bomba kufika magotini, la rangi ya chai. Kando ya maji, viluwiluwi walikuwa wamelala juu ya mchanga, wengi sana, weusi, kama kokwa zilizomwagika. Nilimgusa mmoja kwa kijiti. Hakuondoka.

Mama Miche alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mvua ilipokata jana alichota maji kama kawaida, kwa sababu mia tatu ya shule iko chini ya paa la plastiki na mvua haikuifikia. Asubuhi hii yote imegeuka rangi. Si kingo tu. Majani yote yamejikunja na kuwa na madoa meupe. Nilipita mstari mmoja mmoja. Nilitaka kuona hata mmoja uliopona, na sikuuona.

"Nimekwenda ofisi ya mtaa," akasema. Hakuwa analia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kubeba. "Nimemshtaki. Kesho saa nne wanamwita."

Ng'ambo, kaka yake alikuwa amesimama mlangoni pa gereji, mikono imening'inia, anatutazama.

Nilipotoka sikurudi nyumbani. Nilipanda hadi kwenye maegesho ili nielewe. Ile dawa hatujaitumia zaidi ya wiki. Kwa nini jana iwe mbaya kuliko siku zote? Nikamkuta mtu wa mitaro anazibua wavu. Akaniambia mvua ya kwanza ndivyo ilivyo siku zote. Kila kilichokauka juu ya lami kwa miezi inakibeba kwa mkupuo mmoja. Lakini akaongeza kwamba leo kuna zaidi ya hayo. Akaninusisha glavu yake. Harufu ile naijua, inachoma puani mpaka machozi yanatoka. Ni dawa ya rimu. Si tone, wala matone kumi. Mtu amemimina.

Nimeandika mpaka hapa na mkono umechoka. Nitakwenda kesho. Shemeji amekubali kunipeleka. Sikumwambia kuhusu glavu, naye hakuuliza kwa nini nakwenda.

Machi 23

Chumba cha ofisi ya mtaa kina meza moja, benchi mbili, na kalenda ya mwaka juzi. Mwenyekiti ni mama mwenye miwani anayemsikiliza mtu mpaka amalize, jambo ambalo si la kawaida ofisini. Mama Miche alikaa benchi moja, kaka yake nyingine. Huyu alikuwa amenawa mikono ila grisi haikutoka kwenye kucha. Shemeji alisimama mlangoni kama dereva.

Mama Miche alieleza. Mwenyekiti akamgeukia fundi gereji.

"Si mimi," akasema fundi. Basi.

"Ana ushahidi gani?" akauliza dada yake.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandalia maneno, yakanikimbia yote, nikasema yaliyobaki. Nilisema sisi tunaosha magari kule juu. Nilisema nililifuata povu letu kwa maganda ya machungwa hadi kwenye lile bomba, na kwamba nilikuwepo Mama Miche alipolitoa ganda langu majini, na nikanyamaza. Nilisema habari za miche minne ya dirishani. Mama Miche alinitazama kama mtu anayetafuta mahali aliponiona zamani.

"Kwa hiyo ni nyinyi," akasema mwenyekiti.

"Ni sisi."

"Shemeji yangu anasema 'sisi' kwa adabu tu." Alikuwa shemeji, kutoka mlangoni. Alivua kofia. "Ni mimi. Niliiona ile miche dirishani kwake. Sikulala vizuri. Nikaacha kutumia ile dawa, lakini nilikuwa na dumu zima na jingine nusu, na sikujua pa kuipeleka. Nikasubiri mawingu yafunge vizuri. Jioni ya kuamkia mvua nikaimimina yote mtaroni. Nilijua mvua itaipeleka mbali, iishe. Nilidhani ndiyo naacha ubaya."

Nje mtu alikuwa anapiga nyundo, akaacha.

Mama Miche hakumtazama shemeji. Alimtazama kaka yake.

"Kumbe si wewe."

"Nilikuambia si mimi."

"Uliniambia."

Fundi akanyanyuka, akamuaga mwenyekiti kwa heshima, akatoka. Dada yake alibaki ameshika ukingo wa benchi.

Mwenyekiti ameamua hivi: hatuoshi gari lolote mpaka mtu wa mitaro aridhike na njia yetu, na hiyo miche mia tatu tutaiotesha upya, kwa mikono yetu.

Njiani kurudi nilimwambia shemeji, "Ungeniuliza pa kuipeleka."

"Ningekuuliza, ungejua."

Nimefikiria jibu hilo mchana kutwa. Nilimwona mtu asiyependa kujua, kumbe alikuwa mtu asiyependa kujulikana kwamba amejua.

Machi 27

Mvua. Tumejaza udongo vifuko sitini.

Machi 30

Mvua. Vifuko themanini. Mama Miche hazungumzi na shemeji, lakini leo alimpokonya kifuko mkononi. "Usishindilie. Mizizi nayo inataka kupumua." Shemeji akasema, "Ndiyo, mama." Ndiyo mazungumzo yao ya kwanza.

Aprili 4

Meneja wa jengo amesikia. Ametufukuza kwa barua yenye muhuri.

Aprili 11

Mtu wa mitaro ana maoni mengi kuliko nilivyodhani, na muda wa kuyatoa. Tumejaribu uani kwetu, kwenye gari la jirani. Kwanza brashi kavu na kitambaa, kuondoa vumbi kabla ya maji. Chini ya gari turubai nene, kingo zake zimekunjwa juu ya mabomba ya plastiki ili liwe kama sinia. Mdomo wa mtaro unazibwa kwa mifuko ya mchanga endapo sinia litavuja. Badala ya mpira, ndoo mbili na vitambaa. Maji machafu yananyonywa kwa mashine hadi kwenye tangi la pili, halafu yanapelekwa yadi ya manispaa, kwenye chemba ya maji taka, kwa kibali.

Sinia lilivuja. Ua wetu una mteremko ambao miaka yote sikuujua. Mume wangu alikuwa amesimama upande wa chini na soksi.

Aprili 13

Halikuvuja, na mtu wa mitaro ameridhika. Tumetumia ndoo tatu kwa gari zima. Zamani tungetumia robo ya tangi. Nimeyaacha maji yatulie kwenye glasi, nikatazama lile tope jeusi likishuka polepole. Zamu hii najua linakwenda wapi.

Dumu jingine la dawa lilikuwa bado kwa muuzaji likitusubiri. Shemeji amekwenda kulikataa. Anasema muuzaji alimwuliza kwa nini, akamweleza kwa saa nzima, muuzaji akajuta kuuliza.

Aprili 19

Kukinyesha hatuwezi kuosha, sinia linajaa mvua. Wiki hii siku mbili tu za kazi. Wateja watatu wameturudia. Mmoja ni yule mama wa viatu vya heshima. Anasimama kuangalia mashine inavyonyonya na anauliza maswali kushinda mimi.

Aprili 28

Mbegu zimechomoza. Shemeji alikuwa wa kwanza kuziona. Alituita bila kupaza sauti, kama mtu asiyetaka kuzishtua. Mama Miche akaja, akachuchumaa karibu naye. "Hapo umemwagilia sana," akasema. Kisha akamwonyesha kwa kidole.

Chini ya bomba maji yamekuwa maangavu. Sijaona viluwiluwi. Mtu wa mitaro anasema watachukua muda, na hajui muda gani. Nimependa kwamba amesema hajui.

Mei 6

Nilimuuliza Mama Miche kama amezungumza na kaka yake. Alikwenda na sahani ya chakula, anasema. Kaka amekipokea, amekila, amerudisha sahani imeoshwa. Hakumkaribisha kukaa.

Mei 15

Mvua zinaisha. Asubuhi tulikuwa tunakunja turubai kando ya barabara, nikamwona fundi gereji anatujia. Anatembea polepole, amevaa ovaroli safi. Nilijiandaa. Tangu siku ile ofisini hatujawahi kusemeshana, na kama angetaka kunitukana, ningemsikiliza mpaka amalize.

Alilizunguka sinia letu. Aliinama akatazama mkunjo wa kingo, akagonga tangi la pili kwa kifundo cha kidole.

"Mnalipeleka wapi hili?"

Nikamweleza. Alisikiliza, akitikisa kichwa taratibu.

"Watu wote walisema ni mimi," akasema. "Dada yangu, majirani. Nikawa na hasira sana, kwa sababu haikuwa mimi. Hasira ilipopungua nikaona kitu kimoja. Hakuna aliyewahi kuniuliza oili chafu naipeleka wapi. Hata mimi sijawahi kujiuliza. Kuna shimo nyuma ya gereji, namwaga humo tangu enzi za baba. Halijai."

"Halijai?"

"Miaka ishirini na moja. Halijai."

Shemeji aliacha kukunja. Tulitazamana.

"Nataka mje mliangalie," akasema fundi. "Ila dada msimwambie kwanza."

"Hilo siwezi kukuahidi, fundi. Niliwahi kumnyamazia mara moja."

Alifikiri, akitazama barabara. Kisha akafungua mlango wa pikapu yetu, akaingia katikati, akajibana ili mimi nipate nafasi.

"Basi tumpitie," akasema. "Aje aone mwenyewe."